Mfano wa Neno Vizia

Droo ya V ilifungwa mara tatu. Mara ya kwanza ilitoa mlio wa mbao, kama siku zote. Mara ya pili ilitoa mlio wa kitu kibichi, kama muwa ukivunjwa gotini. Mara ya tatu haikufunga kabisa, maana vidole vilikuwa vimeshavimba na kujaa ule mwanya, ikabidi askari aegemeze bega, kama mtu anayelazimisha kabati lililojaa nguo.

Mimi nilisimama hatua nne kutoka pale. Nasema nne kwa sababu baadaye nilizipima, si mara moja. Hatua nne ni karibu sana. Mtu anaweza kuzimaliza kabla hajapiga chafya.

Ukitaka kuujua mwaka ule kistaarabu, soma Taarifa ya Mwaka ya Taasisi yetu. Ina jalada la kijani na kurasa kumi na tisa. Inasema ulikuwa mwaka wa mafanikio makubwa katika elimu na taaluma: ada ya shule za msingi ilifutwa na watoto wa darasa la kwanza wakaongezeka maradufu, kanuni mpya za mitihani zilianza kutumika chuoni, chuo kilifungwa siku tisini kupisha marekebisho, na kamusi kubwa, iliyotungwa kwa miaka ishirini na mbili, ilifika herufi Z. Hakuna neno la uongo humo. Niliihariri mwenyewe nikahakikisha kila nukta imekaa kwake. Damu ndiyo iliyokosa ukurasa.

Tuanze na hiyo ada, maana ndiyo iliyofungua mwaka kwa kishindo.

Dada yangu alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Siku ya kuandikisha watoto, nafasi zilikuwa themanini, na nje ya geti walikuwapo watu mia sita, wengine wamebeba watoto mabegani kama magunia. Mlinzi alipogusa komeo tu, geti likaja na nguzo zake. Dada alikuwa amesimama nyuma yake, daftari mkononi. Mama mmoja alimng'ata mwenzake sikio kwa ajili ya nafasi kwenye foleni. Watu wanasema alitema kipande. Kufika mchana watoto wa hao mama wawili walikuwa wamekaa dawati moja, wanagawana kifutio.

Dada alirudi nyumbani mkono umefungwa kitambaa shingoni. Mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika.

"Elimu ni bure, mdogo wangu," aliniambia, akikaa kwa uangalifu kama mtu aliyebeba mayai. "Bega ndilo nililolipa mimi."

"Umeandikisha wangapi kabla hawajakukanyaga?"

"Kabla? Nimeandikisha mia na arobaini na wawili. Baada. Kalamu nilihamishia mkono wa kushoto."

Tulicheka mpaka akalia kwa maumivu. Ndivyo tulivyolelewa. Shangazi aliyetulea alikuwa na mwiko ambao haukujua chungu peke yake, na sisi tuligundua mapema kwamba mtoto aliyemchekesha alipigwa mwisho, wakati mkono wake umeshachoka. Dada alijifunza kuvumilia. Mimi nikajifunza mzaha. Nilidhani ni kitu kimoja.

Chumba cha kamusi kilikuwa pale chuoni, ghorofa ya pili, mwisho wa korido, na ukuta wake mmoja wote ulikuwa droo: droo mia mbili na kumi za mbao nzito, kila moja na herufi zake, ndani yake kadi zimepangwa wima kama watu kwenye ibada. Neno moja, kadi moja. Juu unaandika neno, chini maana yake, na chini kabisa sentensi ya mfano, kwa sababu neno lisilo na mfano, alisema Mhariri, ni samaki aliyekauka: unamjua kwa umbo lakini hujui anaogeleaje. Kwenye kona ya kulia, tarehe na alama ya mtu aliyetunga mfano. Hiyo ilikuwa sheria. Mfano lazima uwe na mwenyewe.

Mhariri tulimwita Mzee Nukta, kwa kuwa angeweza kukurudisha kutoka kituo cha basi kwa ajili ya nukta uliyoisahau. Alama yake ilikuwa kiduara chenye kitone katikati, kama jicho la kuku. Yangu ilikuwa vistari viwili. Wa tatu wetu alikuwa Mama Taipu, mpigachapa, mwanamke mpana mwenye vidole vyembamba, aliyezichapa kadi zikishakubaliwa. Mimi waliniita Pilipili, na sihitaji kueleza.

Mifano ya Mzee Nukta ilikuwa mikavu kama matofali. *Mvua ilinyesha jana. Fundi alileta msumari.* Tulipokuwa herufi N tulimsihi angalau amwoze yule fundi. Akakataa. "Kamusi si mahali pa kujionyesha, binti," aliniambia. "Na hiyo z yako iondolee mkia. Si mjusi." Miaka sita alipambana na mkia wa z yangu. Kila z niliyoandika ilishuka chini ya mstari na kujikunja, na kila mara alinirudishia kadi na duara jekundu.

Nasi tulikuwa na mchezo wetu. Mara moja moja niliandika kadi ya kichekesho kwa mwandiko wa Mzee Nukta, ambao niliuiga mpaka mwenyewe akawa anatazama mara mbili, nikaweka jicho lake la kuku kwenye kona, nikaificha katikati ya kadi za kweli. Raha yake ilikuwa kumsikia akisoma kwa sauti, wakati wa chai, jambo ambalo mtu mkavu kama yeye asingelisema hata kwa homa. Ikifika Jumamosi, kadi inachanwa. Hiyo nayo ilikuwa sheria.

Mwanzoni mwa Mei tulifika *vizia*. Wakati huo Mkuu wa Chuo alikuwa amezusha tabia ya kupita ghorofani kwetu kila Ijumaa saa nne kuhesabu nani yuko mezani na nani yuko kwenye chai. Nikaandika:

*Ijumaa saa nne tutamvizia Mkuu mlangoni, na hatarudi ndani na meno yake yote.*

Jicho la kuku. Tarehe tatu.

Mzee Nukta aliisoma, miwani ikamshuka puani. Mama Taipu alicheka mpaka kiti kikalalamika. "Mzee, kumbe una kisasi hivyo!" alisema. "Na kanisani unakaa mbele!" Mzee mwenyewe alitingishika mabega bila sauti, ndiyo iliyokuwa kicheko chake, halafu akanyoosha kidole.

"Z," alisema.

Kila kitu nilikiiga, mkia tu ukanishinda.

Jumamosi ilipofika sikuichana. Niliiona nzuri mno. Hilo ndilo kosa, na nimelitafutia jina zuri zaidi miaka yote hii nisilipate. Nilipenda nilichoandika.

Wiki tatu baadaye zikabandikwa kanuni mpya za mitihani. Zamani aliyefeli somo moja alirudia. Sasa aliyefeli somo moja anafungasha, moja kwa moja. Ijumaa wanafunzi wakaja mbele ya jengo la utawala, kama elfu mbili, na mimi na Mama Taipu tukawa dirishani kama watu wa jukwaa kuu. Saa nne na kitu Mkuu alitoka mlangoni, kipaza sauti mkononi. Alisema, "Wanangu." Hakuongeza. Jiwe lilitoka kati ya watu, dogo, sikuliona likiruka, nilimwona yeye tu akishika mdomo na kitu chekundu kikitoka kati ya vidole. Meno mawili. Ya mbele.

Kisha askari. Walikuwa wamejipanga nyuma ya maktaba tangu alfajiri, na walikuja bila kukimbia, jambo ambalo linatisha kuliko mbio. Niliona rungu likishuka kwenye kichwa cha msichana aliyekuwa ameketi chini tayari, mikono juu. Niliona mvulana akirushwa kutoka ngazi za kumbi za mihadhara, na namna alivyotua, mguu ukielekea upande ambao miguu haielekei. Viatu vilibaki uwanjani, vingi, vya mguu mmoja mmoja. Mama Taipu alivuta pazia. Mimi nililifungua tena. Nilitaka kuona.

Jumatatu, kwenye foleni ya chai katika kantini ya wafanyakazi, watu walinong'ona habari za yale meno. Hofu ilikuwa imetanda mpaka vikombe viligongana. Na mimi, nikiiona hofu, nikafanya nilichofundishwa na mwiko.

"Nyinyi mmeshtuka?" nilisema. "Sisi wa kamusi tulishaandika tangu tarehe tatu. Nendeni droo ya V mkasome!"

Wengine walicheka. Mmoja hakucheka. Sijui alikuwa nani mpaka leo, na nimeacha kuuliza, kwa sababu yeye alisema kitu kimoja tu na mimi ndiye niliyempa.

Walikuja Jumanne, saa nne. Sita, na afande mmoja mfupi mwenye sauti ya upole kama ya mganga wa meno. Hakupekua. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akaipata V, akapitisha kucha juu ya kadi, akachomoa moja.

"*Vizia*," alisoma. Akasoma iliyobaki. Mama Taipu aliacha kuchapa. "Tarehe tatu. Watu walipanga kwa tarehe. Wasomi bwana. Hii alama ya nani?"

Mama Taipu alianza, "Afande, huo ni mfano tu, ni sentensi ya—"

Kofi lilimkuta katikati ya neno. Si kofi la kuonya. Alianguka na kiti na mashine ikamfuata, na kigari chake cha karatasi kikagonga kengele, *tin*, kama amefika mwisho wa mstari.

"Alama ya nani?"

"Yangu," alisema Mzee Nukta.

Afande alimtazama, kisha akatutazama sisi. Hakuwa mjinga. "Alama mtu yeyote anaweza kuchora. Kaeni. Kila mmoja aniandikie sentensi hii hii."

Tukapewa kadi tupu. Mama Taipu aliandika akiwa sakafuni, damu ya pua ikidondokea maneno. Mimi niliandika kwa mwandiko wangu wa kawaida, mnene, wa kulala. Nilipofika kwenye z, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliiandika fupi, iliyonyooka, isiyo na mkia. Miaka sita nilishindwa. Siku ile niliweza.

Mzee Nukta aliandika polepole, kama kawaida yake. Nilikuwa naiona kadi yake kutoka nilipokaa. Alipofika kwenye z alisimama kidogo. Kisha akaishusha chini ya mstari, akaikunja vizuri, mkia mzima wa mjusi.

Afande aliweka kadi zote juu ya meza, akainama. Kidole chake kilitua juu ya ule mkia, kikaenda kwenye kadi ya zamani, kikarudi.

"Asante, Mzee," alisema. "Mkono ni huu wa kulia, sivyo?"

Ndipo droo. Walimshika wawili, wa tatu akaisukuma. Alipiga kelele ya kwanza tu, na haikuwa kelele ya mtu ninayemjua. Mara ya pili alitapika chai juu ya kadi. Mara ya tatu macho yake yalikuwa juu yangu, na hayakuomba kitu, na sasa unajua kwa nini nilizipima zile hatua nne. Ulimi wangu, ambao haukuwahi kukosa neno mbele ya shangazi, mbele ya Mkuu, mbele ya mtu yeyote, ulilala mdomoni kama kipande cha nyama ya mtu mwingine.

Walipokuwa wakimtoa walibomoa ukuta kwa mateke. Droo mia mbili na kumi. Kadi zilimwagika, A juu ya S, M chini ya buti, na wao wakazikanyaga wakimburuta, hivi kwamba mstari wa miguu yake ulibaki sakafuni umechorwa katikati ya maneno. Mlangoni aliweza kugeuza kichwa.

"W, Y na Z zimebaki, binti," alisema. "Usiziharakishe."

Nyumbani Dada alikuwa anasahihisha madaftari mia na arobaini na mawili. Nilimweleza yote, toka mwanzo. Hakuacha kusahihisha. Nilipomaliza alifunga daftari.

"Na wewe ulisema nini?"

Alingoja kidogo, halafu akafungua daftari lingine.

Chuo kilifungwa. Mimi na Mama Taipu, jicho lake moja likiwa limeziba na kichwa kikimuuma mpaka siku ya kufa kwake, tulipiga magoti siku tisini tukapanga kadi upya. Zenye damu tulizinakili. Zenye matapishi tulizinakili. Kadi ya *vizia* hatukuwa nayo. Ilikwenda na Mzee kama ushahidi. Siku moja tu aliniambia, bila kuinua uso, "Ule mkia niliujua, Pilipili. Mimi ndiye niliyekuwa nazichapa." Kisha akaniomba nimpitishie fungu la K.

Mzee Nukta aliachiwa Novemba, bila kesi. Aliyerusha jiwe alikuwa ameshakamatwa, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa hisabati. Wanasema hakuwahi kuisikia kamusi yetu. Mzee aliingia ofisini Jumatatu, saa mbili kamili kama zamani, amepungua kiasi kwamba koti lilitembea peke yake. Mkono wa kulia ulikuwa kama tangawizi. Aliutua juu ya meza kama mzigo wa mtu aliyemwomba amhifadhie.

"Mmefika wapi?"

"Zu," nilisema. Nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu miezi sita. Yalitoka yote pamoja, yamekanyagana kama wale wazazi getini. "Mzee, ile kadi ilikuwa yangu, na mimi nilikuwa pale, na sikusema, na z niliinyoosha makusudi, na—"

"Nilikuona ukiinyoosha," alisema. "Nikasema, kumbe anaweza."

Mabega yake yakatingishika bila sauti. Sikuweza kucheka. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunifanyia nilichowafanyia watu wote, na nilijua sasa inavyouma.

"Kwa nini?" nilimuuliza. "Kwa nini ulichora ule mkia?"

"Wewe ulikuwa na mkono wa kumalizia Z. Mimi nina miaka sitini na saba. Nilipiga hesabu." Kisha akaongeza, na hapo sauti yake ilikuwa ngumu: "Usidhani nilitaka. Walipoifunga mara ya pili, ningekutaja. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ilitoka chai."

Tulimaliza kamusi hivyo: yeye akisema, mimi nikiandika, jicho la kuku kwenye kona kwa mkono wangu na kwa ruhusa yake. Siku ya kupeleka mswada kwa mchapaji nilimletea kadi mpya ya *vizia*. *Paka alimvizia panya.* Akaisukuma kwa kiwiko. Nikaleta nyingine, *Mwindaji alivizia porini*. Akaisukuma.

"Hiyo ni mifano ya mtu aliyejificha," alisema. "Iache wazi. Siku utakapoweza kuandika wako na kuweka alama yako, utaujaza."

Kwa hiyo ikachapwa wazi. Katika maneno elfu thelathini na tisa, ndilo pekee lisilo na mfano. Walimu wameandika barua kuuliza, na mwanazuoni mmoja alitunga makala ya kurasa kumi na mbili kueleza sababu za kitaaluma. Makala nzuri. Tulimjibu kwamba nafasi ilikuwa finyu. Mzee Nukta alifariki mwaka wa nne baada ya hapo, usingizini, na Mhariri aliyefuata nikawa mimi, kisha matoleo mawili yakapita, nami kila mara nikitia sahihi kwenye ukurasa wa V bila kuugusa.

Wiki iliyopita tulikuwa tunafunga toleo la nne. Sasa hakuna droo. Kila kitu kimo kwenye kompyuta, na ukuta ule umepakwa rangi. Lakini kadi tupu ninazo bado, boksi moja. Nilichukua moja nikaandika ile sentensi ya Ijumaa saa nne, na Mkuu, na meno yake yote, neno kwa neno. Tarehe tatu Mei, mwaka ule. Kwenye kona nikaweka vistari viwili. Nikampelekea mhariri msaidizi, binti mwenye akili kuliko sisi wote watatu tulivyokuwa.

Aliisoma, uso ukabadilika. Akasoma tena.

"Bibi," alisema kwa adabu, "huu mfano haujazidi ukali? Halafu ni wa nani? Hizi alama siku hizi hatuweki."

"Huo uwekee," nilimwambia.

Akaisogeza kadi karibu na macho.

"Na hii z," alisema, "mbona ina mkia?"